Gari dogo linakula lita 1 ya oili kila kilomita 900: nitengeneze injini au ninunue nyingine?

Mwalimu wa Msamvu, Morogoro

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu na injini ndogo za petroli, kwa sababu nimekwisha kwenda kwa mafundi watatu, kila mmoja amenipa jibu lake, na majibu hayo hayapatani hata kidogo.

Nina gari dogo la Kijapani la milango mitano, la mwaka 2005, injini ya silinda 4 yenye cc 1,300, gia otomatiki. Nililinunua mwaka 2021 kwa mtu aliyekuwa amelitumia Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, likisoma kilomita 118,000, na sasa linasoma 163,000. Mwaka wa kwanza sikuwahi kuongeza oili kati ya sevisi moja na nyingine. Baadaye nikaanza kuona kijiti cha kupimia kinatoka kikavu hadi karibu na alama ya chini, ingawa hakuna tone linalodondoka. Nimetandika maboksi chini ya gari usiku kucha na asubuhi nikayakuta makavu. Nikafungua daftari. Kila Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali pale pale penye usawa, napima, naongeza kwa kikombe chenye alama za mililita, na kuandika kilomita. Kwa miezi minne wastani umekuwa lita 1 kwa kila kilomita 900.

Nikiwasha alfajiri hutoka moshi wa bluu kwa muda wa dakika moja hivi, kisha unakata. Mume wangu, akinifuata nyuma kwa pikipiki, anasema moshi huonekana tena ninapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu. Nguvu haijapungua kiasi cha kunisumbua, lakini petroli imepanda: safari ya Dar kwenda na kurudi, ambayo zamani ilitumia lita 27, siku hizi hula 34.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sijui kama lina maana. Gari hili halina geji ya joto. Lina taa ya bluu ya injini baridi na taa nyekundu ya injini kuchemka. Nikiondoka Msamvu asubuhi, ile ya bluu huzimika nikiwa nimekaribia Mikese, na katika asubuhi za baridi za Juni na Julai huwaka tena nikiwa katika mwendo kabla ya kufika Chalinze. Taa nyekundu sijawahi kuiona.

Fundi wa kwanza amesema injini imekwisha, ninunue ya mtumba kwa shilingi milioni 2 na laki 3, bila ufundi. Wa pili amesema nitumie oili nzito namba 50. Wa tatu aliniuzia dawa ya chupa ya kuzuia moshi, nimeitumia mara mbili na daftari halikuonyesha badiliko lolote. Gari hili ndilo linalompeleka mama yangu kliniki Dar kila mwezi, kwa hiyo siwezi kubahatisha, na fedha ya kubahatisha pia sina. Nianzie wapi?

Fundi wa Ilala

Mwalimu, hongera kwa daftari hilo, kwa sababu wateja wengi huja kwangu na neno moja tu, "inakula oili", na ukiwauliza inakula kiasi gani baada ya kilomita ngapi hawana jibu. Usinunue injini kwa sasa. Nitaanza na lile jambo uliloliita dogo, kwa maana mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Taa ya bluu kuzimika karibu na Mikese, yaani baada ya zaidi ya kilomita 20, kisha kuwaka tena gari likiwa katika mwendo, ni dalili kwamba injini yako haifikii joto lake la kazi. Kwa uzoefu wangu hilo lina sababu moja inayoshinda zote: thamostati imetolewa. Huenda gari liliwahi kuchemka kwa mwenye zamani, na fundi, badala ya kutafuta kama rejeta imeziba au feni imekufa, akaing'oa thamostati na kuitupa, maji yakawa yanazunguka wakati wote. Desturi hii imeenea mno kwenye gereji zetu, na wengi wanaamini kwamba katika nchi ya joto kifaa hicho hakina kazi. Ukweli ni kwamba thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie takribani nyuzi 80 na kidogo, ili injini ipate moto upesi na kubaki hapo, awe dereva yuko Dar au Njombe.

Injini ikibaki baridi, kompyuta yake inasoma joto dogo na kuendelea kuongeza petroli kama vile gari ndiyo kwanza limewashwa. Hapo ndipo zilipokwenda lita zako 7 za safari ya Dar. Petroli ya ziada haiungui yote. Nyingine huosha ukuta wa silinda na kuteremka kwenye oili, ikaifanya nyepesi, na nyingine huacha masizi kwenye vichwa vya pistoni na ndani ya mifereji ya ringi. Chomoa kijiti cha oili leo jioni ukinuse. Kikinuka petroli waziwazi, nusu ya jibu unayo.

Sasa nije kwenye oili yenyewe. Oili huingia kwenye chumba cha moto kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni valvu ndogo, ambayo mafundi huiita PCV, inayovuta hewa chafu kutoka ndani ya injini na kuirudisha kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye silinda. Ikigandishwa na utando ikabaki wazi, hewa hiyo huvutwa pamoja na oili. Ifungue, ioshe, itikise karibu na sikio: nzima inagonga ndani, iliyokufa ipo kimya. Bei yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na injini, na bado wapo watu walionunua injini bila kuigusa. Njia ya pili ni sili za valvu, vile vikofia vya mpira vinavyokaa juu ya miongozo ya valvu. Gari likilala, oili iliyobaki juu huchuruzika taratibu kupitia sili zilizokakamaa, na asubuhi unaona moshi wa dakika moja kisha kimya. Ukishuka mteremko bila kukanyaga mafuta, mvuto ndani ya manifoldi huwa mkubwa na oili hunyonywa kupitia hapohapo, halafu ukikanyaga inaungua kwa pamoja. Mambo hayo mawili umeyaeleza kwa ufasaha hata kabla hujaulizwa. Njia ya tatu ni ringi za pistoni, na hizi kwa kawaida hutoa moshi kila unapobana mafuta kupanda mlima.

Kuhusu kipimo cha kompresheni, yaani presha ya mgandamizo ndani ya silinda inayohesabiwa kwa psi, nakuomba usikilize vizuri, kwani ndipo watu wanapodanganywa au wanapojidanganya. Kila pistoni ina ringi tatu: mbili za juu huzuia mgandamizo, na ya chini kazi yake ni kufuta oili ukutani na kuirudisha kupitia vitundu vidogo vya pistoni. Katika injini nyingi ndogo za miaka ile vitundu hivyo ni vichache na vyembamba, na ringi yenyewe haibani kwa nguvu sana, ili kupunguza msuguano na kuokoa petroli. Masizi yakiviziba, ringi ya oili inakwama wakati zile mbili za juu bado ni nzima. Kwa hiyo unaweza kupata kompresheni nzuri kabisa, psi 180 na zaidi kwa kila silinda, na gari bado likala oili. Kompresheni mbaya inathibitisha ugonjwa, ila kompresheni nzuri haithibitishi uzima wa ringi ya oili. Pima kavu, kisha tia kijiko cha oili kwenye kila silinda upime tena; namba ikipanda sana, ringi za juu zimelegea, na isipopanda ilhali namba ya kwanza ilikuwa ndogo, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi. Silinda zisitofautiane kwa zaidi ya psi 15 hivi. Na wakati plagi zimetolewa, zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake uzipige picha, maana plagi iliyolowa oili inakuonyesha ni chumba kipi chenye tatizo.

Sili za valvu hubadilishwa bila kung'oa silinda hedi. Fundi huingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu isidondoke ndani, na asiye na kompresa hutumia kamba: anasokota kamba laini ndani ya silinda kupitia tundu hilohilo, anaizungusha injini kwa spana mpaka pistoni inaibana kamba juu, na kamba inaishikilia valvu wakati springi inatolewa. Zote ni sili 16, kazi ya siku moja kwa fundi mtulivu. Ukisikia bei ya kung'oa hedi kwa ajili ya sili peke yake, tafuta fundi mwingine.

Oili namba 50 usiiweke. Injini yako ina mfumo wa kubadilisha majira ya valvu unaoendeshwa kwa presha ya oili kupitia chujio lenye matundu membamba sana, na oili nzito hufika huko kwa kuchelewa kila asubuhi. Tumia 5W-30, au 10W-30 kama ya kwanza haipatikani, na usiwashe gari kabla hujapima.

Dereva wa Tanga

Dada Mwalimu, pole na usumbufu. Nayaunga mkono maneno ya Fundi, nami ni mtu niliyefanya kosa unaloelekezwa kulifanya. Gari langu la teksi, dogo kama lako, lilianza kula oili nikapuuza kwa sababu taa ya oili haikuwaka. Sikujua kwamba taa ile haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Injini hizi hubeba oili isiyofika lita 4, na taa haiwaki mpaka pampu imeanza kuvuta hewa badala ya oili; kwangu iliwaka nikiwa kati ya Segera na Muheza, nina abiria wanne, nikasema nitasimama kwenye kituo cha mafuta kilicho mbele. Sikufika. Ulianza mlio kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko, ukawa mkubwa, injini ikazimika na haikuzunguka tena. Ilikuwa imenoki.

Nikanunua injini ya mtumba. Muuzaji aliiwasha juu ya sakafu kwa dakika mbili, ikanguruma vizuri, nikalipa. Baada ya miezi miwili nayo ikawa inakula oili karibu sawa na ile ya zamani, na muuzaji akasema dhamana ilikuwa ya wiki mbili. Nilipofikiri baadaye niliona kwamba hakukuwa na sababu ya kutarajia tofauti: ni injini ya aina ileile, ya umri uleule, iliyotumika sijui kwa oili gani. Kama itafika mahali huna budi kununua, fungua mfuniko wa kujazia oili umulike kwa tochi. Chuma kikiwa cha rangi ya dhahabu hafifu ni sawa, ila ukiona tope jeusi lililoganda, ondoka. Toa plagi zote nne uzitazame, dai kompresheni ipimwe mbele yako, na usisahau kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo kumbukumbu zake lazima zibadilishwe, na risiti ya manunuzi utaihitaji. Mimi sikuomba risiti, na nilihangaika nayo muda mrefu kuliko nilivyohangaika na injini.

Mpaka litakapotengenezwa, beba lita 1 kwenye buti na pima Chalinze, kwenda na kurudi. Kati ya alama ya juu na ya chini ya kijiti kwa kawaida kuna karibu lita 1, na safari yako ya Dar kwa hesabu ya daftari inakula kama nusu yake.

Mkazi wa Mombasa

Asalaam aleikum. Huku kwetu Kenya magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingia nchini, kwa hiyo wengi wetu tunaendesha magari madogo mapya kidogo kuliko hilo la Mwalimu, na malalamiko yetu ni ya namna nyingine. Langu lina injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zamani petroli ilipulizwa nyuma ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha kila mara. Siku hizi haipiti hapo, na ule mvuke wa oili unaorudishwa na PCV hugandia juu ya valvu kavu na kuwa masizi. Kwenye kilomita 90,000 gari langu likaanza kusitasita asubuhi na kutetemeka likisimama kwenye foleni ya Likoni. Makanika wawili walinibadilishia koili na plagi bure bilashi. Wa tatu alifungua manifoldi akanionyesha valvu zilizovaa utando mweusi mgumu kama ukoko wa chungu, na baada ya kukwanguliwa na kuoshwa gari likatulia.

Nalieleza hili kwa sababu mzizi unafanana na wa Mwalimu: oili inayokwenda isikotakiwa, na oili iliyokaa muda mrefu kupita kiasi. Kitabu cha gari langu kinasema nibadilishe kila kilomita 10,000, lakini kitabu hichohicho, katika ukurasa ambao watu hawaufungui, kinasema muda upunguzwe kwa safari fupi fupi, foleni, vumbi na joto. Hayo manne ndiyo maisha ya gari la Mombasa. Nabadilisha kila kilomita 5,000. Natazama pia maandishi ya API, yaani daraja la ubora wa oili, nyuma ya chupa, maana daraja la SP, lililoanza mwaka 2020, liliwekewa vipimo vya kulinda cheni ya majira katika injini hizi mpya.

Mwalimu, usichelewe pia kwa sababu ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Majivu ya oili inayoungua huifunika ndani, taa ya injini huwaka, na kifaa hicho ni ghali kuliko sili zako zote 16.

Mwalimu wa Msamvu, Morogoro

Shikamoo Fundi, na ahsanteni nyote. Narudi baada ya wiki sita kwa kuwa nilitaka kuja na namba badala ya matumaini.

Kijiti kilinuka petroli. Nilikinusa jikoni, nikampa mume wangu naye akanuse bila kumwambia ninachotafuta, akasema "petroli" kabla hajakifikisha puani. Nilimpata fundi mwingine hapa Morogoro aliyekubali kupima kabla ya kutaja bei. Alipofungua nyumba ya thamostati ilikuwa tupu, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai, maji ya bomba matupu bila kulanti, na kutu imeshaanza kula mdomo wa ile nyumba. PCV ilikuwa imeganda wazi, haikutoa sauti yoyote ilipotikiswa. Kompresheni kavu ilikuwa 186, 182, 184 na 189, na baada ya kijiko cha oili ilipanda kidogo tu kwa zote. Plagi ya 2 na ya 3 zilikuwa zimelowa. Sili za valvu alizitoa kwa njia ya kamba kama ulivyoeleza. Nilizihifadhi, na moja nilipoikunja kwa vidole ilivunjika kama ganda la yai.

Tumeweka sili mpya, PCV mpya, thamostati mpya na kulanti, baada ya kusafisha rejeta mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Jumla, pamoja na oili 5W-30 na ufundi, haikufika robo ya bei ya ile injini. Taa ya bluu sasa huzimika kabla sijaiacha Msamvu, na haijawaka tena njiani. Safari ya mwisho ya Dar imetumia lita 28. Moshi wa alfajiri umekwisha kabisa. Katika kilomita 1,400 nimeongeza mililita 450.

Kinachobaki ni kwamba mume wangu bado anaona moshi hafifu nikipanda mlima nikiwa nimekanyaga sana. Je, hizo ni ringi za oili, na je, nifungue injini?

Fundi wa Ilala

Marahaba Mwalimu. Nimefurahi sana, na namshukuru fundi huyo wa Morogoro ambaye simjui. Ndiyo, kilichobaki ni ringi ya oili kwenye silinda moja au mbili, na kwa kiasi cha mililita 450 katika kilomita 1,400 usifungue injini. Baadhi ya vitabu vya watengenezaji huhesabu hata lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa bado iko ndani ya mpaka, ingawa mimi binafsi nauona mpaka huo ni wa kumlinda mtengenezaji kuliko mwenye gari.

Unaweza kufanya jambo moja. Injini ikiwa na uvuguvugu, fundi atoe plagi, aziweke pistoni zote katikati ya mwendo wake, amimine dawa ya kuyeyusha masizi kwenye kila silinda, na gari lilale hivyo usiku mzima. Asubuhi aivute kwa bomba la sindano dawa iliyobaki, akate umeme wa koili na wa nozeli, afunike matundu kwa kitambaa, ndipo azungushe injini kwa stata mpaka matundu yakauke. Plagi zisirudishwe kabla ya hapo kwa sababu yoyote, kwani kimiminika hakigandamiziki na pistoni ikikikuta humo inakunja mkono wake. Mwage oili palepale uweke mpya na filta mpya, kisha uibadilishe tena baada ya kilomita 1,000, maana masizi yatakayokuwa yamelainika yatateremka humo. Wengine huona moshi ukipungua nusu, wengine hawaoni tofauti, nami siwezi kukuahidi upande wowote.

Ukifika mililita 700 kwa kilomita 1,000, tuandikie. Chini ya hapo endelea kumpeleka mama, na umfikishie salamu zangu.